Gari Jipya Ambalo Hukulipanda

Morogoro, Jumatano ya Majivu

Mpendwa Dada Gaudensia,

Leo nimetimiza miaka arobaini na saba tangu nilipoondoka Mpepai na sanduku la bati kwenda kufundisha watoto wa watu. Wewe umetimiza mwaka mmoja na wiki tatu kaburini. Naanza na hesabu hizi kwa sababu ulikuwa ukinicheka kwamba mimi hata huzuni naipangia ratiba.

Nimetoka kanisani sasa hivi na majivu bado yapo kwenye paji langu la uso. Padri amenikumbusha kwamba mimi ni mavumbi. Hilo nalijua. Nalijua na jingine lililo baya zaidi: ulikufa ukiwa na gari jipya hatua ishirini kutoka mlangoni kwako, na hukulipanda, kwa ajili yangu.

Unakumbuka ulivyokuja kwangu mwaka ule baada ya mavuno ya kahawa, miguu imevimba mpaka ndala zinakubana. Daktari alisema ni moyo. Alisema uhudhurie kliniki Mbinga kila mwezi, usikose, na bodaboda uziache kabisa. Ulimsikiliza kwa heshima zote, na tulipofika nje ukaniuliza, "Huyu anafikiri kutoka Mpepai mpaka Mbinga nitapaa?" Hapo hapo, kwenye ngazi za kliniki, niliamua kununua gari. Lilikuwa la kukupeleka kliniki. Naliandika hili wazi kwa sababu baadaye kila mtu, na mimi wa kwanza, alisahau lilikuwa la nini.

Otmari, mdogo wetu, alipiga simu akitaka pikapu. "Kaka, pikapu ndiyo gari ya kijijini. Inabeba mahindi, inabeba watu, inabeba hata jeneza." Nilimjibu kwamba nikinunua pikapu atapakia kahawa na wewe utakaa juu ya magunia. Nilitaka saluni, gari la familia la ukubwa wa wastani, lenye milango minne na kiti cha nyuma ambacho mama mtu mzima anaweza kukaa akanyoosha mgongo. Akiba yangu ilitosha moja kati ya mawili: jipya la kawaida, au lililotumika Japani ambalo ni zuri zaidi. Tukaenda Dar es Salaam pamoja kuchagua.

Siku ile naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Nilikuwa na daftari. Nilichora jedwali: umri wa gari, kilomita, matairi, kimo kutoka chini. Ulinitazama nikiinama kupima kwa rula kati ya bampa na ardhi, ukasema, "Mwalimu, tunanunua gari au unasahihisha mitihani?"

Lile lililotumika lilikuwa la rangi ya fedha. Ulifungua mlango wa nyuma mwenyewe, ukaingia, ukajiweka sawa. Kiti cha kushoto kilikuwa kimebonyea kidogo. "Hapa alikuwa anakaa mtu," ulisema. "Mnene kama mimi. Ameniachia nafasi yangu." Ukafumba macho. Muuzaji, bwana mmoja mwenye miwani ya jua, akaona biashara imeiva.

"Mama, gari hili linapita popote."

"Mpepai umefika?"

"Bado, mama."

"Hujafika kiangazi au hujafika masika?"

"Vyote viwili, mama yangu."

"Basi sema linapita hapa Dar es Salaam."

Alicheka mpaka akavua miwani. Nami nilicheka. Lakini niliandika kwenye daftari langu: kilomita zinaweza kuwa zimerudishwa nyuma, mmiliki wa kwanza hajulikani.

Mtaa wa pili kulikuwa na duka la magari mapya, lenye kuta za vioo. Lile jeupe lilikuwa halijatembea ila kutoka melini mpaka pale. Viti vimefungwa nailoni. Wewe hukuingia. Ulisimama mlangoni, mkoba umeukumbatia kifuani kama mtu aliyeingia ofisi ya mkuu wa wilaya.

"Ingia, Dada."

"Hili lina mwenyewe."

"Mwenyewe si ndio sisi?"

"Baba, mimi nataka gari la kupanda. Sitaki gari la kuamkia shikamoo." Ukanishika kiwiko, ukaniambia polepole kwa Kimatengo, ili muuzaji asisikie, kwamba ninunue lile la fedha. Lile limeshazoea watu, ulisema, halitamwomba mtu ruhusa. Hili jipya, likifika nyumbani, unawajua watu wetu.

Nilikuwa nawajua. Hapo ndipo ilipo aibu yangu yote, Dada. Nilikueleza habari za dhamana ya kiwanda, vipuri, na udanganyifu wa madalali. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Sababu ni hii.

Unakumbuka mahindi mapya nyumbani kwetu. Yalikuwa yakikomaa kwenye ngolo zetu, yale mashimo ya kulimia kule mteremkoni, tunayaona, tunayanusa yakichomwa kwa jirani, na hakuna aliyethubutu kuvunja hindi moja kabla Baba hajaonja. Hata Mama akipikia sufuria mpya, hatukula mpaka Baba ale kwanza kilichotoka ndani yake. Kitu cha zamani kilikuwa cha wote. Kitu kipya kilimngoja mwenye nyumba. Baba alipofariki nilikuwa Sumbawanga, barabara zimekatika kwa mvua. Nilituma simu ya maandishi kwamba nakuja. Mkamzika siku ya pili. Nilipofika siku ya sita, Otmari alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha Baba, na msimu uliofuata yeye ndiye aliyeonja mahindi. Mimi ni mkubwa wake kwa miaka minne. Hakuna aliyenikosea, mvua ilinyesha, na maiti haingoji. Lakini nililibeba jambo lile kutoka kituo hadi kituo, kila nilipohamishwa, kama vitabu vyangu.

Nikanunua jipya. Nilitaka, mara moja tu kabla sijafa, nyumba ile inisubiri mimi.

Winfrida, binti wa Otmari, mwalimu mwenye leseni ya udereva, alikuja akalichukua mwezi wa kumi na moja. Wewe ulirudi kwa basi wiki moja kabla yake, na nilikuacha urudi kwa basi. Otmari alinipigia simu limefika salama, ukoo mzima umekuja kulitazama. Akaniuliza, kwa adabu yake ile, "Kaka, tulianze au tukungoje?"

Dada, ningesema neno moja. Ningesema, "Anzeni." Nilisema, "Nakuja Krismasi. Mtu asiliguse."

Otmari alilipeleka neno hilo kwenye sengu, pale wanaume wa ukoo wetu wanapokula pamoja na kukata mashauri, na sengu ikaafiki. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wakinipa nilichoomba. Gari likaingizwa kwenye banda la kahawa, likafunikwa vitenge viwili vilivyoshonwa pamoja, na funguo zikatundikwa chini ya msalaba wa sebuleni. Kila Jumamosi Winfrida aliliwasha kwa robo saa ili betri isife, akalizima, akalifunika.

Krismasi sikuja. Nilikuwa na goti. Goti lilikuwa kweli, lakini nimesafiri na goti hilo hilo kwenda kwenye harusi Dodoma. Ulinipigia simu sikukuu ya pili. "Bibi harusi wako yuko bandani, amefunikwa ushungi, anakuuliza mahari uliyotoa ilikuwa ya nini." Tulicheka sana. Nilikuuliza kliniki umekwendaje. Ukasema, "Nimekwenda tu." Sikuuliza zaidi. Mtu aliyefundisha miaka thelathini na tano anajua mwanafunzi anapokwepa swali. Nilijua ni bodaboda. Nikasema, "Pasaka nitakuwa hapo." Na nilipokata simu niliona raha. Naandika neno hilo kwa sababu ndilo lenyewe: raha. Watu wote wale, gari zima, wananingoja mimi.

Kilichotokea baadaye alinisimulia Winfrida, nami sina sababu ya kutomwamini. Uliamka asubuhi huwezi kuvuta pumzi vizuri. Mvua ilikuwa inanyesha. Winfrida alimwomba baba yake funguo. Otmari alikataa, akatoka nje, akarudi, akazichukua kwenye msumari, akampa. Nataka ulimwengu ujue hilo: Otmari alitoa funguo. Winfrida akalitoa gari bandani akalileta mpaka mlangoni, akafungua mlango wa nyuma.

Na wewe ukakataa.

"Mdogo wangu hajaja," ulimwambia. "Alisema lisiguswe. Kwenye maziko ya Baba hakungojwa, hata kwa hili asingojwe? Niitie bodaboda."

Winfrida alikusihi. Otmari alikusihi. Ulikuwa umeshavaa kanga ya pili na mkoba uko mkononi. Walikukalisha kwenye pikipiki, Winfrida nyuma yako akikushika kiuno, nailoni ya mbolea kichwani mwenu kwa ajili ya mvua. Pikipiki iliteleza mara mbili. Mlisukuma. Wewe, mgonjwa wa moyo, ulishuka ukapanda ule mwinuko kwa miguu. Mlifika Mbinga saa nane mchana, na jioni ulikuwa huongei. Walichoweza kufanya madaktari walikifanya.

Kwa nini, Dada? Wewe uliyeniona wazi pale dukani, uliyejua ugonjwa wangu kabla mimi sijaupa jina, kwa nini ulinitii? Ungenitukana. Ungepanda ukanipigia simu njiani ukaniambia gari lako nimelitapikia. Nimekukasirikia mwaka mzima kwa hilo. Uliponibeba mgongoni mpaka Kihagara, mwaka ule ulioolewa na mvuvi na ukakataa kwenda ukweni bila mimi, nilikuwa na miaka mitano na ninalia nataka kushuka. Hukunisikiliza. Ulinibeba tu, mlima na mteremko, mpaka tukaliona Ziwa, na jioni mumeo akatuchomea samaki, mbasa. Siku ile uliijua tofauti ya kunipenda na kunitii. Uzeeni umeisahau wapi?

Safari hii waliningoja kwenye maziko pia. Nilifika siku ya tatu. Otmari alinipokea stendi ya Mbinga na kusema, mbele ya watu, "Kaka, hatukutaka kurudia kosa." Nilitamani anipige.

Baada ya maziko, wazee wa sengu waliniita. Nilidhani wananihukumu, nilikwenda nikiwa tayari, karibu nikiwa na hamu. Walinikalisha kwenye kiti cha Baba. Walinishukuru kwa gari. Mzee mmoja alisema wengi wakiendelea mjini huwa wanasahau kwao, lakini mimi sikusahau. Hakuna aliyekutaja. Nilisema, "Nimemwua dada yangu." Otmari akasema, "Kaka amechoka na safari, apewe maji."

Asubuhi Winfrida alinipeleka stendi kwa gari lile. Ndiyo, mimi ndiye niliyelianza. Nilikaa kiti cha nyuma, kushoto, juu ya nailoni, na wanawake walipiga vigelegele hafifu vya watu waliofiwa, kwa kuwa kitu kipya lazima kipigiwe vigelegele. Njia ilikuwa na tope lile lile. Gari lilipita. Nilitazama saa yangu tulipoondoka na tulipofika: dakika arobaini. Mtu mzima mwenye goti moja bovu, asiye na homa wala haraka, alifikishwa Mbinga kwa dakika arobaini bila tone la mvua kumgusa. Winfrida aliniona kwenye kioo nikitazama saa. "Baba mkubwa," alisema, "usihesabu." Ndilo neno pekee la huruma nililolisikia siku zile, na sikulistahili.

Sasa kadi ya gari ina jina la Winfrida. Ananiambia limeshabonyea mlango mmoja, linapeleka wajawazito na wanakwaya, na juzi lilibeba mbuzi. Vizuri. Ungelipenda sasa. Otmari naye hupiga simu kila Jumapili kuniambia nyumba yangu imeezekwa upya, chumba kinafagiliwa, na mahindi ya mwaka huu wamekubaliana nitayaonja mimi. Anasema kwa upendo. Nimemwambia wale tu. Anacheka, anajibu, "Tutakungoja, Kaka." Huyo ni mdogo wangu, mwenye miaka sabini, na ndani ya nyumba ile kuna watoto wanaoyaona mahindi na hawayavunji.

Kwa hiyo leo, kabla sijakuandikia, nimempigia. Sikumweleza kwamba nina goti, wala sikumtajia sikukuu. Nimemwambia neno moja ambalo haliachi cha kungoja, "Sitarudi," nikamlazimisha alirudie ili nijue amelisikia. Alilia. Kisha nikasikia akimwita mkewe aweke maji jikoni, watoto waende shambani wakavunje mahindi.

Lala, Dada. Mimi sitarudi Mpepai.

Mdogo wako,
uliyembeba mpaka Kihagara