Jiwe la Kijani Kiunoni mwa Shangazi

Khairat! Shangazi Mwanne kaumbuka leo, mpaka sasa siamini!

Lile jiwe la kijani ambalo mumewe alilinunua kwa mfanyabiashara wa Sri Lanka enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, alitaka kulitia kwenye pete ya mke mdogo anayemwoa kule Kibaigwa. Likapotea. Shangazi akaapa hajaliona.

Leo mume kaleta mtaalamu wa madini na kimashine cha kupima mionzi. Eti jiwe hilo ni adimu, lina mionzi inayolivunja lenyewe kwa ndani, na kulivaa ni hatari.

Kimashine kimya chumba kizima. Kilipomfikia shangazi, tatatata! Kiunoni, Khairat! Kwenye fundo la kanga!

Mimi nikaficha uso.

Yeye? Akafungua fundo taratibu, akampa mumewe. “Haya, Baba Nasma. Kamvishe bibi harusi wako.”