Hitilafu Aliyoitunga Baba Yako

Nyumbani, mlango wa bluu juu ya duka la dawa,
Jumapili mchana, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mwanangu Kasuku,

Pokea salamu za shangazi yako, mwenye magoti mabovu na mdomo mzima. Hujambo? Mkeo hajambo? Na huyo binti anayeota meno, siku hizi analala au bado anawakesha? Baridi ya huko mmeizoea? Funika kifua, tafadhali. Kifua chako nakijua tangu utotoni, kikipigwa na upepo kidogo tu kinaimba mpaka asubuhi.

Sisi huku tunasukuma siku. Ngazi zinanitoa jasho, ila cherehani bado naikanyaga, na wateja ni walewale, wanaleta kitambaa leo wanataka nguo jana. Baba yako anakula vizuri na ananigombeza kuhusu chumvi kama kawaida. Macho ndiyo yamekwisha. Nilikwambia kwenye simu kwamba yanafifia, ukasema pole, ukasema uko mkutanoni. Sasa hayafifii tena, mwanangu, yamezima. Anajua dirisha liko wapi na ukuta uko wapi, basi.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako ina haraka na mimi nina maneno marefu. Uliniuliza mambo mawili. Kwanza, kama nimeiondoa ile programu yenu ya kuzuia virusi kwenye kompyuta ya baba yako. Nimeiondoa. Pili, ile hitilafu yake ya mwisho ilikuwa inatokeaje, maana imewashinda nyote huko ofisini. Hilo la pili ndilo lililonifanya ninunue karatasi.

Hitilafu ile haikuwepo, Kasuku. Aliitunga.

Usikasirike kwanza. Kaa, nisikilize. Unakumbuka ulipomtumia hilo toleo la majaribio, ukamwambia ni programu ambayo haijaingia sokoni, aijaribu, aone inakwama wapi, akuandikie? Wewe labda ulitaka tu mzee apate cha kufanya. Siku ile alitoa shati la kazini sandukuni, akanipa nilipige pasi. Mtu huyu alikagua mizani za madukani maisha yake yote. Alipostaafu, hakuna aliyemwomba tena akague chochote, isipokuwa mimi nikimuuliza kama sukari imekolea kwenye chai.

Mwanzoni hitilafu zilikuwa za kweli. Programu yako iliikamata picha ya marehemu mama yako ikasema ni virusi, jamani, tulicheka mpaka tukakohoa. Siku nyingine ilifanya kompyuta iwe nzito, ukibofya herufi unaweza kwenda kuteka maji ukarudi ndiyo inatokea. Yote alikuandikia, na wewe ulimjibu. Si kama kwenye simu, ambako ni "wazima wote? haya, tutaongea." Ulimjibu ukurasa mzima. Ulimuuliza alikuwa anafanya nini hitilafu ilipotokea, alikuwa amefungua nini, alikuwa amekaa muda gani, je, jana yake alifanya nini. Nani mwingine anamuuliza mzee jana yake alifanya nini? Macho yalipoanza kumtupa akawa ananiita nimsomee, na nikimaliza ananiambia nirudie pale unapouliza maswali.

Kisha hitilafu zikaisha. Kazi unaiweza, lazima nikusifu, kila alichokuambia ulikitengeneza. Programu ikawa inakwenda kama maji, na wewe ukawa kimya. Alikaa pale mbele ya skrini asiyoiona, ananiuliza, "Kuna ujumbe?" Namwambia hakuna. Baada ya chai ananiuliza tena. Siku moja akaniambia nichukue kibodi niandike kwamba kompyuta ikizimika kidogo na kuamka, mlinzi wako, ile sehemu ya programu inayokamata virusi, haamki nayo, kila kitu kinapita. Nikamwambia, "Kaka, hili si kweli." Akasema, "Andika."

Unamjua baba yako. Huyu ndiye aliyelifunga duka la rafiki yake wa tangu ujana kwa sababu mizani ilipunja uzito wa kijiko. Hawakusalimiana tena mpaka yule bwana akafa. Mtu wa namna hiyo ananiambia niandike taarifa ya uongo, na sauti haitetemeki. Niliandika. Ulijibu siku ileile, kurasa mbili, na jioni ile alikula mpaka akaomba nyongeza. Kwa hiyo ulipouliza tena nikaandika tena, na uongo ukazaa wajukuu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi, nasi tulifika mwisho wake uliponiandikia kwamba wakubwa wanakukalia kooni, kwamba programu haiwezi kuingia sokoni kwa sababu ya mtumiaji mmoja, mambo niliyomficha baba yako; kisha ikaja barua kwamba majaribio yamefungwa, kila mtu aiondoe. Ukatuma na maelekezo. Nilimsomea barua hiyo yote mpaka ile sentensi ya chini, "Tunakushukuru mshiriki wetu kwa mchango wako." Akaniambia niirudie. Nikairudia. Akakaa mbele ya ile skrini mpaka jua likazama. Najua barua ile mliwatumia watu wote kwa mkupuo, Kasuku, sikulaumu kwa hilo. Nakueleza tu ilivyomwingia.

Nikaanza kuitoa. Mwaipa kazi hiyo jina gumu, kusanidua, ila mimi nimeielewa kifundi: ni kufumua mshono. Ukivuta uzi kwa pupa unachana kitambaa. Umlaze mlinzi kwanza, ndipo uitoe programu, upitishe kile kifagio kidogo mlichotuma cha kusafishia, uzime na kuwasha, halafu utafute masalia. Sawa. Lakini kila nilipofungua nilikuta imeandikwa, "Ukaguzi unaendelea, subiri umalizike." Asubuhi ukaguzi. Mchana ukaguzi. Kesho yake vilevile. Nikajisemea, weee, leo tumepata hitilafu ya kweli!

Ndipo nikaona kidole chake. Macho hana, lakini vitufe anavijua kwa kupapasa. Akisikia kandambili zangu kwenye korido tu, anabonyeza, ukaguzi unaanza upya. Mzee mzima, shati limenyooshwa, amekaa kama hajui lolote. Nilicheka, kisha nikaenda jikoni nikafungua bomba ili asinisikie nikilia.

Nikarudi nikakaa karibu yake. Nikamwambia, "Kaka, mtoto kazi yake imekwama. Wakubwa wamemshika kwa sababu ya ile taarifa yetu."

"Yangu mimi?"

"Yako."

Akaondoa mikono kwenye kibodi akaiweka mapajani. "Namharibia kazi," akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, hata kwenye msiba wa mama yako. "Itoe leo. Isibaki kitu."

Nilikuwa nasoma kila hatua kwa sauti naye anaitikia kwa kichwa. Ilikwenda vizuri, kompyuta ikazima ikawaka, yule mlinzi wa zamani wa kompyuta nikamwamsha kama ulivyoagiza. Mwishoni likabaki folda moja limegoma kutoka. Nikalifungua. Ndani yake kulikuwa na taarifa zake zote, na majibu yako yote. Maswali yako yale, Kasuku, kurasa kwa kurasa.

Akaniuliza kimebaki nini. Nikamwambia. Akapapasa ukingo wa meza.

"Maelekezo yanasemaje?"

"Yanasema lifutwe, lakini nani atajua? Nikilihamishia pembeni..."

"Yeye ameandika lifutwe. Fuata maelekezo."

Nilimbembeleza, nikamwambia nitakuwa namsomea. Alikataa katakata. Alisema ameshatoa taarifa ya uongo moja maishani na inamtosha, hataki wewe uulizwe huko kama mashine yake ni safi ukajibu kitu kisicho kweli. Basi nikalifuta. Barua zako zote kwa baba yako nimezifuta mimi, kwa maelekezo yako mwenyewe. Mashine ni safi, waambie wakubwa wako. Na hitilafu haipo, waipeleke programu yao sokoni.

Tangu siku ile hajaniuliza kama kuna ujumbe. Hilo ndilo linaloninyima raha. Bora angeuliza. Anaamka, anavaa shati, anakaa pale mezani, na kompyuta siku hizi haiwashi hata kidogo. Daktari aliyempima moyo aliniita nje, akaniambia tusipange mambo ya mbali. Baba yako alinikataza kukwambia, nami nakwambia, atanigombeza akijua na nitamvumilia.

Sikuombi pesa, sikuombi ukate tiketi leo. Mwandikie. Tumia njia yoyote, mimi ndiye msomaji wake. Mweleze bomba lenu likivuja, mweleze meno ya binti. Muulize jana yake alifanya nini, na akikujibu kwamba alikaa tu, muulize alikaa wapi. Una maswali mazuri, mwanangu, nimeyasoma yote. Usingoje mashine iharibike.

Nisalimie mkeo, mwambie kitambaa cha gauni lake nimekitenga na hakuna atakayekigusa. Mbusu binti mashavu yote mawili. Mfamasia wa chini anakusalimu, na mke wa mdogo wangu pia, yeye na wanawe. Mungu akufungulie milango ya kazi yako na aniwekee wewe salama mpaka tuonane.

Baba yako nilimuuliza kama ana salamu. Alinyoosha kola ya shati kwanza. Kisha akasema nikwambie anaomba radhi kwa kukuchelewesha kazini. Nikangoja aongeze kitu. Hakuongeza.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye hata pale ninapokugombeza.