Palizi ya Bahari, Kibondo

Kibondo,
Masika, 2014

Kwako Mama Zuhura, mke wangu,

Assalaamu alaykum. Mimi ni mzima, ila baridi ya asubuhi ya huku juu haina heshima kwa wazee. Nalala na mablanketi mawili na kofia kichwani. Goti lako linaendeleaje? Na fundi, amekwisha kuziba paa la jikoni, au bado anakuletea maneno? Usimruhusu aondoe ngazi yake kabla mvua haijanyesha ukaona mwenyewe.

Simu tunapigiana, lakini hukatika pale pale neno linapoanza kuwa na maana, na jambo hili linahitaji kuelezwa kwa mpangilio. Uliponiaga ulinipa agizo moja: nikaone kama mtoto wetu anaishi vizuri ugenini, na kama haishi vizuri, nirudi naye Pangani. Sasa nakuletea jibu.

Unalikumbuka lile tangi la kioo ambalo mkwe wetu Salimu alilinunua, pamoja na samaki na matumbawe yake, hoteli moja ya Tanga ilipofungwa. Alilileta huku kwa lori lake la biashara, nami nililiita anasa. Sivyo lilivyo. Zuhura ameniambia kwamba alipohamia hapa hakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Salimu hushinda safarini kati ya duka la Kibondo na la Kasulu, na majirani wakiwa wenyewe kwa wenyewe husema Kiha. Tangi lilipowashwa taa, wanawake wa mtaa walianza kuja kuiangalia bahari, kwa kuwa wengi wao hawajawahi kuiona. Walikuja kwa ajili ya samaki, wakabaki kwa ajili ya Zuhura.

Lakini nilipofika, tangi lilikuwa linaugua. Mwani mwembamba wa kijani, mfano wa nywele zilizolowa, ulikuwa umeyafunika mawe yote. Yale matumbawe ya zambarau, ambayo yakiwa na afya hufunguka kama viganja vidogo, yalikuwa yamejikunja. Salimu, akiwa anajiandaa kwenda pwani, alisema mbele yangu:

"Baba, nimechoka kubeba maji ya bahari kwa madumu kuja kunywesha majani. Nikirudi nikiyakuta, tangi linapanda lori. Kuna mtu Dar es Salaam analitaka."

Zuhura aliendelea kukunja nguo ambayo tayari ilikuwa imekunjwa.

Salimu alipoondoka nikamwuliza mtoto chanzo cha ugonjwa.

"Chanzo nakijua, Baba. Ni chakula. Kinachobaki huoza, na huo uozo ndio mbolea ya mwani."

"Basi punguza chakula."

"Mimi nawapa kidogo mno. Kaa hapo uone."

Nikakaa. Haukupita muda, akaingia Mama Ezekieli, jirani anayeuza maharage sokoni. "Mwakeye, Mzee!" akaniamkia, kisha akaenda moja kwa moja kwenye tangi. Huku, mke wangu, mtu haendi kuwaona wageni mikono mitupu, na samaki hawa, kwa maoni ya mtaa mzima, ni wageni waliotoka mbali. Akafungua kitambaa, akamega ugali wa muhogo, akautumbukiza majini.

"Kuleni, wanangu, msije mkaenda kusema kwamba Kibondo kuna njaa."

Baada yake akaja mwingine na dagaa wa Kigoma waliosagwa, na mwingine na punje za wali. Zuhura aliwashukuru wote kwa tabasamu, na walipotoka akachukua chujio, akaanza kuvua makombo.

"Kwa nini huwakatazi?" nikamwuliza.

"Nimkataze mtu kutoa, Baba? Halafu nibaki na nani?"

Unanijua. Niliona jambo hili ni la nidhamu tu. Nikachukua karatasi nyeupe, nikaandika kwa herufi kubwa: NI MARUFUKU KULISHA SAMAKI. Nikaibandika mlangoni na kwenda kulala nikiwa nimeridhika.

Chakula kilikoma. Watu nao wakakoma. Siku zikapita bila hata hodi moja. Zuhura alisugua mawe peke yake asubuhi na jioni, lakini akimaliza upande mmoja, mwani unachipua upande wa pili. Mwishowe akaniambia, "Labda nirudi nawe tu, Baba." Hapo ningeweza kufunga mizigo, na agizo lako lingekuwa limetimia. Ila aliyasema hayo huku akiutazama mlango, kama mtu anayesubiri wageni.

Nikaibandua karatasi yangu, nikaenda kwa Mama Ezekieli. Nilimkuta uani akipepeta maharage. Hakusimamisha ungo.

"Mzee wa pwani," akasema, "kwenu mtu akija na chakula mnamfukuza kwa karatasi?"

"Sikukusudia kumfukuza mtu. Samaki wanaumwa, mama. Wanaumwa kwa shibe."

Ungo ukasimama. "Kwa shibe! Ugonjwa huo haujafika kwetu. Ungefika, tungeupokea kwa ngoma." Akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Nikamweleza kila kitu: uozo, mwani, matumbawe yanayokosa hewa na mwanga, na lori la Salimu. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe ni magugu," akasema. "Sasa si mngesema? Shamba la mwenzako likiingiwa na majani, humpelekei ugali. Unampelekea jembe."

Kesho yake wakaja wanawake wanne, kila mmoja na mswaki mpya. Zuhura akawavua bangili, akawanawisha mikono kwa maji matupu bila sabuni, akawapangia kazi. Wao walisugua na kunyofoa kwa vidole. Yeye aliufuata kila unywele wa mwani kwa mpira mwembamba wa maji, akiuvuta pamoja na maji machafu hadi kwenye ndoo, usipate kuota tena.

"Ng'oa na mzizi, usikate majani tu!" Mama Ezekieli alimfokea mwenzake. "Unapalilia kama mtu wa mjini!"

"Nami niko mjini! Hii si sebule?"

"Tazameni, hata chumvini magugu yanaota. Mkulima hana pa kukimbilia!" akadakia wa tatu.

Zuhura akajazia maji ya bahari yaliyokuwa yamebaki kwenye madumu. Yanayopungua kwa joto la taa sasa huyafidia kwa maji safi ya mvua badala ya yale ya kisima, ambayo nayo hulisha mwani, na taa huizima mapema. Kazi ilipokwisha, akawapikia pilau, kwa maana mwenye shamba ndiye huwalisha wapalilizi. Samaki hawakupewa hata punje. Palizi hiyo ikarudiwa mara kadhaa, na konokono wa tangini, ambao hula mwani lakini walikuwa wamezidiwa, wakaanza kuyamudu masalia.

Salimu alirudi juzi. Aliwakuta wanawake sebuleni, akawasalimu, akainama mbele ya kioo. Nyuma ya jiwe moja mwani ulikuwepo bado, sitakudanganya. Lakini matumbawe yalikuwa yamefunguka yote. Akatazama muda mrefu, kisha akamgeukia mkewe.

"Nipakie au nipakue?"

"Pakua," akajibu Zuhura.

Akatoka, akaanza kushusha madumu ya maji ya bahari aliyokuja nayo. Nikafahamu kwamba mkwe wetu hakuwa mgumu kama kauli yake.

Basi, mke wangu, barabara ya Nyakanazi ikikauka nitarudi, nami nitarudi peke yangu. Najua ulishatandika kile kitanda cha chumba cha nyuma. Kiache hivyo hivyo, atakuja kututembelea.

Nisalimie dada yangu mkubwa, na umwambie dawa yake ya kikohozi imenifaa. Msalimie kaka yako mvuvi, imamu wetu, na jirani yetu fundi cherehani, ambaye kanzu aliyonishonea imesifiwa mpaka Kasulu. Barua hii anakuletea dereva wa Salimu, mpe chai.

Nilitaka Zuhura aongeze salamu zake hapa chini kwa mkono wake, lakini hayupo. Amekwenda na jembe la kuazima kupalilia maharage ya Mama Ezekieli. Hajui kupalilia, na kutoka hapa barazani nasikia wanavyomcheka, naye anacheka kuliko wote.

Mumeo akupendaye,
Baba Zuhura