Nyeupe Iliponikataa

Mdogo wangu,

Weka mkasi chini kabla hujasoma neno lingine. Uweke mezani, si mapajani, maana nakujua, mkono wako ukishika mkasi haujui kukaa bure. Nimepata ujumbe wako kwamba mjukuu wangu ameachana na upuuzi, na kwamba vile vitambaa vyake unavikata vipande ushone foronya na shuka la viraka. Nani alikupa ruhusa? Mtoto akija kwako analia na sanduku mkononi, unampa maji ya kunywa na mahali pa kulala. Humpokonyi kazi yake ukaigeuza mto wa kulalia.

Basi. Marahaba, kwa ile shikamoo ambayo hukuiandika. Hujambo? Magoti yanakubali ngazi? Shemeji yangu kifua kimetulia, au bado anakohoa kama pikipiki inayokataa kuwaka? Mwambie namsalimu. Mimi nipo. Ungeniuliza kwa simu ningejibu sijambo, na ndiyo sababu naandika. Simu yako unaifungulia sauti mpaka jirani anazijua habari zangu, tena hujui kunyamaza mwenzio akisema. Barua haikatizwi. Mwandiko wangu unaujua, niliishia darasa la tatu na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Soma taratibu.

Najua Kinyonga ameshakueleza. Jina hilo la Kinyonga majirani ndio waliompa mjukuu wangu kwa ajili ya vitambaa vyake. Mwanzoni lilinikera, sasa na mimi naliita. Amekuambia alipima vibaya mbele ya wateja, bibi yake akamwaibisha, naye akaona kazi haimfai. Yote ni kweli isipokuwa moja, na hilo moja nitalifikia.

Alipoacha kukaa mapokezi kwenye ile ofisi ya bima akaenda chuo cha urembo, nilidhani atarudi anajua kusuka, kama Msusi wetu wa ng'ambo ya barabara. Akarudi na sanduku la vitambaa. Vitambaa vitupu, havina mkono wala kola. Nikamuuliza nguo ziko wapi. Akasema bibi, mimi sishoni, mimi namtafutia mtu rangi zinazomkubali. Nikamwambia rangi yangu nilipewa na mama yangu bila kwenda chuo. Akacheka, akanivutia kiti. Alinieleza kwamba watu wako mafungu manne, na kila fungu limepewa jina la majira: masika, kiangazi, vuli na kipupwe. Nikamuuliza kama mimi ni shamba. Akasema ngozi ya mtu, iwe nyeusi kama yangu au maji ya kunde kama yako, ina rangi nyingine chini yake, ama ya joto ama ya baridi, kama bitana ndani ya koti. Jua linachoma koti, bitana haligusi. Unazaliwa nayo na unakufa nayo. Mtu wa kipupwe halali akaamka wa vuli. Neno hilo lishike.

Nilimpisha chumba cha mbele. Wewe unajua maana yake. Chumba kile nimepiga pasi nguo za mji mzima, nimemlelea humo yeye mwenyewe akitambaa chini ya meza ya pasi, na nilihamisha pasi zangu na mabeseni yangu chumba cha nyuma bila kusema neno. Sawa, nilisema maneno mawili matatu. Akaweka kioo kikubwa na kiti karibu na dirisha, kwa sababu hataki balbu, anasema balbu ni mwongo. Wa kwanza kukaa kwenye kiti nilikuwa mimi. Alinifuta mafuta usoni, akanifunga kitambaa kichwani nywele zisionekane, kisha akanipangia vitambaa mabegani kimoja juu ya kingine, anafunua kimoja, anatazama, anafunua kingine. Akanionya nisitazame kitambaa, nitazame uso. Rangi isiyo yako inakutangulia mlangoni, anasema, watu wanaiona kabla yako. Iliyo yako inakusindikiza. Haradali, ile njano iliyokolea, iliponigusa nilionekana kama mtu aliyekesha msibani. Kahawia hivyo hivyo, na mimi kahawia ndiyo nimevaa maisha yangu yote kwa sababu haionyeshi uchafu. Alipofunua nyeupe, ile nyeupe ya chokaa, niliona mwanamke kwenye kioo ambaye sikuwa nimemwona tangu mume wangu azikwe. Mikunjo imejificha. Macho yamekaa mahali pake. Kipupwe, akasema, bibi wewe ni kipupwe kabisa.

Akanipiga picha na kitambaa kile, akaitia fremu, akaitundika ukutani. Wateja wakiingia wanauliza huyu mama ni nani. Mimi nilijifanya sijali, lakini siku hizo nilikuwa na safari nyingi za kupita chumba cha mbele na beseni tupu.

Kazi ikaanza kushika. Msusi akawa anamletea watu. Siku yenyewe alimletea meneja wa benki, mwanamke mrefu wa viatu vya sauti, na bibi harusi mtarajiwa na shangazi yake. Yule meneja akiridhika, ofisi nzima ya wanawake wake ingefuata. Kinyonga hakulala vizuri, nilimsikia akipiga pasi vitambaa vilivyokwisha kupigwa pasi. Akataka aanze kwa kuwaonyesha kwangu, maana mimi ndiye ushahidi, na picha yangu iko ukutani nyuma ya kiti.

Nikakaa. Nilikuwa nimechoka wiki hizo, najikuna mikono na tumbo, nikaona ni sabuni mpya, nikaitupa. Kinyonga akawaeleza mambo ya koti na bitana, anasema vizuri, moyoni nikajisifu. Kisha akafunua nyeupe.

Mimi niliona kwenye kioo lakini sikutaka kuona. Uso ulikuwa kama nta ya mshumaa. Akaiondoa haraka, akaweka bluu nzito, hali ikawa mbaya zaidi. Akaenda kufungua pazia. Akarudi, akajaribu tena. Mwisho akaweka haradali, na uso ukatulia, kitambaa na ngozi vikapatana kama ndugu. Shangazi wa bibi harusi akauliza, kwa upole wa uongo, mbona pale ukutani ni nyeupe. Msusi, ambaye mdomo wake hauna kufuli, akasema kumbe haya majira nayo yanabadilika kama mvua, leo yanyesha kesho jua. Wakacheka. Meneja hakucheka, alitazama saa.

Kinyonga akainama sikioni kwangu akaniuliza polepole, bibi, huumwi wewe?

Mimi nikaona ananitafutia kisingizio. Ananisingizia ugonjwa ili aokoe uso wake mbele ya watu. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, kwamba mimi siumwi, wewe ndiye hujui kazi. Nikaongeza kwamba kama hata bibi yako aliyekulea humjui rangi, wa barabarani utamjuaje. Ndivyo nilivyosema. Mdomo huponza kichwa, ila wangu uliponza kichwa cha mtoto.

Aliwasindikiza wateja, akakunja vitambaa, akashusha picha yangu ukutani akaigeuza uso chini juu ya kiti. Asubuhi akaja kwako. Kosa lake, alivyoniambia mlangoni, ni kwamba mtu habadiliki majira, kwa hiyo ama alikosea mara ya kwanza ama alikosea mara ya pili, na fundi asiyejua alikosea lini si fundi.

Sasa nifike pale.

Alipoondoka zilipita siku kadhaa. Kisha likaletwa furushi la mashuka ya nyumba ya wageni, meupe, nikayafua, nikayaanika, nikayapiga pasi. Nikashika moja likiwa bado lina joto nikaenda nalo chumba cha mbele. Niseme kweli, nilikwenda nipate kumshinda. Nilitaka nikae kwenye kiti chake nionekane vizuri, nikuandikie wewe kwamba mtoto huyu hata mwanga hajui kuupanga. Nikafunga kichwa, nikafuta mafuta, nikaweka shuka mabegani, nikavuta pazia. Nikafanya kama alivyonifundisha. Sikutazama shuka. Nilitazama uso.

Macho yangu, mdogo wangu, weupe wake ulikuwa njano. Si njano ya uzee. Njano ya kiini cha yai. Nikatazama viganja, njano. Nikakumbuka mkojo wangu ulivyokuwa siku zile, kama chai ya rangi iliyokolea, nami nikasema ni joto. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nimelaumu sabuni.

Nikakunja shuka, nikampelekea mwenyewe, kisha nikaenda hospitali.

Daktari alinibonyeza chini ya mbavu, akanifunua kope, akatoa damu, akanipeleka kwenye kile chumba cha baridi wanakopiga picha za ndani. Akanirudisha akafunga mlango. Kuna uvimbe umeziba njia ya nyongo. Nyongo haina pa kupita, imerudi mwilini, ndiyo hiyo ngozi inaonyesha. Uvimbe ni wa ile aina mbaya, na umeshatambaa mpaka kwenye ini. Hawataukata. Watapitisha mrija mdogo, nyongo ishuke, na kujikuna kutakoma. Aliongea vizuri, hakuharakisha. Nilikuwa nikitazama viatu vyake, kimoja kamba imelegea. Nilisubiri nilie nikaona hakuna kinachokuja. Ilikuwa kama anasimulia habari za jirani ambaye hatusalimiani sana.

Akaniuliza kama nina swali. Nikamuuliza rangi yangu itarudi? Akanikazia macho. Akasema ndiyo mama, itarudi, kwa muda. Akauliza nani aliyenishtua nije. Nikasema mjukuu wangu aliniona. Akauliza kama ni muuguzi. Nikasema hapana, anapima rangi za nguo. Akaitikia tu, akaendelea kuandika.

Nikarudi nyumbani nikapiga pasi shati la mwalimu mmoja. Lilikuwa limeshapigwa pasi. Nikalipiga tena. Tangu siku hiyo nakula na sisikii ladha, nalala na siota. Moyo umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya, naugonga, hauitiki. Usije ukanililia humu ndani, sitajua nikufanyie nini. Majirani hawajui. Wewe ndiye wa kwanza.

Kwa hiyo lile moja lisilo kweli ni hili: Kinyonga hakukosea. Mara ya kwanza mimi nilikuwa kipupwe, na alisema kipupwe. Mara ya pili ngozi yangu ilikuwa imebeba nyongo, na jicho lake likakataa kudanganywa na picha ya ukutani. Aliona kabla yangu, kabla ya daktari, akaniuliza sikioni kwa adabu, nami nikampiga na maneno mbele za watu. Mtoto yule anakaa kwako anajiita mjinga kwa sababu alikuwa sahihi mara mbili.

Msalimie shemeji, wasalimie wanao, na yule paka wako mwizi. Nimeitundika picha ile tena, msumari ni uleule.

Sasa fanya hivi. Barua hii mpe Kinyonga aisome mwenyewe, usimsomee, wewe unaongeza chumvi. Mrija watauweka Jumatatu, kwa hiyo Ijumaa apande basi. Vitambaa vyote virudi sandukuni, na ulivyokata, vishone upya kwa mkono mpaka mshono usionekane. Kama umekigusa kile cheupe, tafuta kingine, na kiwe cha chokaa, kikiwa cha maziwa nitakirudisha. Mimi nitamwita Msusi, na yule meneja, na shangazi na bibi harusi wake. Anipime kabla ya mrija na baada ya mrija, wote wakitazama, nami nitasema kwa mdomo uleule uliomwaibisha kwamba alipima sawa. Na siku ile nyingine itakapofika, ya kunivika mara ya mwisho, rangi atachagua yeye, ila mwambie haradali nimekataa, hata kama siku hiyo ndiyo itanikubali.

Akifika mlangoni asiniangukie shingoni. Anawe mikono, afungue pazia, anipime. Akishamaliza kunipima, ndipo alie.

Ni mimi, dada yako