Maini Niliyomchomea Mke Wangu

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama tu rika basi hujambo, mimi ni muuza nyama, mwanaume wa miaka thelathini na minane, na barua hii naiandikia nyuma ya kaunta ya bucha yangu kwa sababu nyumbani siwezi kushika kalamu bila mke wangu kuuliza naandika nini, na safari hii nisingekuwa na jibu.

Mke wangu ni msusi. Tulijuana kliniki, kwenye benchi la kusubiri dawa za kufubaza virusi vya ukimwi, maana sote wawili tunaishi navyo, na siku hiyo aliniuliza kama na mimi huwa naota ndoto za ajabu nikimeza zile dawa, nikamwambia naota ng'ombe wananihoji, akacheka mpaka nesi akatukata jicho, na tangu hapo sijatamani kukaa benchi moja na mwanamke mwingine.

Mwaka jana tulihamia mji huu kwa ajili ya bucha kubwa zaidi, naye akashika mimba, ya kwanza, na hamu yake yote ikaangukia kwenye maini. Basi kila jioni nikifunga kazi nabeba kipande kizuri, nakibabua juu juu kwenye jiko la mkaa, ndani bado chekundu, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kwamba ini likikaa sana motoni linakuwa soli ya kiatu, naye anakula amesimama mlangoni, anasema hakuna mwanaume anayejua jiko kama mimi, na mimi kichwa kinavimba.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba kwa miezi mitano yeye hamezi dawa. Kwenye kliniki ya huku, karani wa kadi ni binti wa mama yake mdogo, akaona aibu kukutana naye pale, na mimi nilikuwa narudi kliniki ya zamani kuchukua zangu, nikimuuliza zake ananiambia bado zipo. Mwezi wa sita wa mimba alimweleza nesi mmoja ukweli, akarudishwa kwenye dawa siku hiyo hiyo.

Binti yetu alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo, ngozi ya manjano. Alipimwa virusi, havikuonekana, tukakumbatiana pale pale kwenye korido. Lakini vipimo vingine vilionyesha ana kimelea kinaitwa toksoplasma, kilichopita kwenye kondo kutoka kwa mama yake, na daktari wa macho akakuta kovu nyuma ya jicho la kushoto. Daktari wa watoto alitueleza kwa upole kwamba watu hukipata kwenye nyama isiyoiva, au kinyesi cha paka kilichochanganyika na udongo, na wengi wanaishi nacho miaka bila kujua kwa sababu kinga inakibana, ila kinga ikishuka, kinaamka. Kisha akamuuliza mke wangu kama wakati wa mimba alikula nyama mbichi.

Mke wangu alijibu bila hata kufikiri. Alisema, "Hapana, daktari. Mume wangu ni muuza nyama. Hawezi kunilisha nyama mbichi."

Mshauri, nilikuwa nimepakata begi la nepi, nikaliangalia lile begi kama vile sijawahi kuliona.

Sasa binti yetu ana miezi mitano, anakunywa dawa zake kila siku na atakunywa mpaka afikishe mwaka, na mke wangu ameshajihukumu kwamba ni vile vidonge alivyoruka. Juzi mchana nilirudi kuchukua funguo nikamkuta anamnyonyesha, hakunisikia, anamwambia, "Nisamehe mama, nisamehe mama yangu," nikarudi kinyumenyume mpaka nje bila zile funguo. Nikimwambia habari ya maini nahofia hatakula tena kitu kutoka mkononi mwangu, nisipomwambia namtazama akibeba mzigo ambao pengine ni wangu. Nifanye nini?

Muuza Nyama

*

Ndugu yangu muuza nyama, marahaba, maana nimekuzidi na kwa mbali.

Nikuanzie na lile unalolihitaji zaidi. Nimemuuliza mkunga ninayemwamini, aliyefanya kazi miaka mingi na akina mama wenye virusi. Anasema hakuna anayeweza kukuambia kwa uhakika kimelea hiki kilitoka wapi. Huenda ni maini, huenda ni mboga zisizooshwa vizuri, huenda mkeo alikuwa nacho tangu utotoni na kikaamka kinga iliposhuka. Kwa hiyo kiti cha mshtakiwa unachokikalia kwa siri, shuka.

Ukishashuka, sikiliza nikugombeze. Mwanamke alisimama mbele ya daktari akakutetea, nawe ukaangalia begi. Kosa lako si kubabua ini, hukujua. Kosa lako ni kwamba miezi yote hii umemsikia akijilaumu na ukaona ni nafuu alie yeye. Tena ulikuwa unasafiri kufuata dawa zako, ukaridhika na neno "zipo" bila kuomba kuona hata kopo. Watu waliokutana kwenye benchi la dawa mnafichanaje dawa?

Mwambie. Usisubiri siku nzuri. Funga bucha mapema, kaa naye, sema jambo lote kwa mara moja, na usimalizie na "lakini na wewe". Akikasirika, muache akasirike. Kisha mwende wote kwa daktari mkamweleza, yeye vidonge, wewe maini, kwa sababu daktari anayefichwa nusu ya habari anatibu nusu ya mgonjwa.

Dawa za mtoto zisikatwe hata akinenepa na kucheka, na miadi ya macho isirukwe. Mkeo aendelee na dawa zake na aendelee kunyonyesha kama kliniki inavyomwelekeza, kimelea hiki hakimfikii mtoto kwa maziwa. Yule karani anabanwa na kazi yake kutunza siri, na mkiona haaminiki, ombeni kuhamishiwa kliniki nyingine. Mkitaka mtoto wa pili, semeni mapema mpimwe mapema. Na wewe, kuanzia leo nyama ya nyumbani iive mpaka ndani, kisu na ubao vioshwe kwa sabuni. Soli ya kiatu haijamdhuru mtu.

Mshauri wako

*

Wasomaji, huyu bwana nilimtumia jibu lake kabla ya kulichapa. Baada ya wiki tatu aliniandikia tena, na kwa ruhusa yao wote wawili naweka hapa alichosema.

Mshauri, nilimwambia Jumapili alipokuwa anakunja nguo za mtoto. Aliendelea kukunja mpaka zikaisha. Akaniuliza siku ile kwa daktari nilikuwa nawaza nini, nikamjibu, "Nilikuwa nawaza jinsi unavyoniamini." Siku mbili hakuzungumza nami ila habari za dawa ya mtoto. Siku ya tatu akasema, "Kwa hiyo miezi yote hii nalia peke yangu, kumbe tuko wawili." Alilisema kwa hasira, lakini akakaa karibu yangu.

Tulikwenda kwa daktari. Kila mmoja alitaka kuanza kukiri, tukawa tunakatizana mpaka daktari akaweka kalamu chini akatusubiri. Kovu la jicho lipo na litabaki, halijaongezeka. Binti alimshika daktari kidole akakataa kukiachia.

Tangu binti azaliwe, mke wangu alikuwa hakubali mtu mwingine ambebe kwenda wala kurudi hospitali, hata mimi. Siku hiyo tulipofika getini akamfungua mgongoni akanikabidhi. "Mbebe baba yake," akasema, "mimi nimechoka." Nikambeba mpaka nyumbani.