Vibandiko Vinane

Baba yangu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mama aliniambia kwenye simu kwamba umeanza tena kupanda ngazi kurekebisha bati, nikasema huyo mzee hasikii la mtu. Mimi mwili mzima. Rohoni ndiko kunakofuka moshi, ndiyo maana naandika. Kwenye simu ningepayuka tu.

Wamemfukuza fundi mkuu wetu, Baba. Yule niliyekusimulia, aliyenifundisha kazi tangu nilipokuwa sijui hata waya upi unaingia wapi. Miaka kumi na tisa hospitalini, akaambiwa akusanye vitu vyake kabla ya saa sita mchana!

Kisa ni hiki. Picha zote za eksirei hukaa kwenye mashine moja yenye diski nane zilizopangwa safu. Diski moja ikifa, saba zilizobaki huubeba mzigo wake. Zikitoka mbili, kwaheri picha. Kwa hiyo fundi mkuu ana utaratibu wake, na hataki mchezo nao: kwanza unaiamuru mashine iiachie diski mbovu, unasubiri taa ya diski hiyo ianze kumeta, unaigusa uhakikishe imeacha kuzunguka, ndipo unachomoa.

Jumanne mashine ikaandika kwamba diski namba tatu imekufa. Meneja akaja kutusimamia, simu sikioni, wageni wakimsubiri. Fundi mkuu akaomba dakika tano za kuwasha taa. Meneja akamwuliza taa za nini, wakati namba zimebandikwa na kila mwenye macho anaziona. "Chomoa, mzee, usinipotezee muda." Fundi mkuu akachomoa iliyobandikwa tatu. Ilikuwa nzima. Mashine ikanyamaza, na picha za miezi minne, ambazo hazikuwa na nakala kwingine, zikaenda na maji.

Basi kwenye kikao yule meneja, bila haya, akasema yeye hakuamuru lolote. Nilisimama, Baba. Nilimwambia mbele ya wakubwa wote kwamba anamtwisha mtu mzima kosa lake. Wenzangu walinipongeza koridoni, eti nina moyo. Fundi mkuu alijitetea kwa jambo moja tu, kwamba kibandiko kilisema tatu. Wakaenda kutazama. Hakukuwa na kibandiko hata kimoja. Wakamwita mwongo, naye akanitazama mimi.

Baba, mashine ile huanza kuhesabu kwenye sifuri. Tatu yake ni ya nne kwetu. Vibandiko nilivibandika mimi, mwezi uliopita, fundi mkuu akiwa likizo, nikaanzia moja kama ulivyokuwa ukibandika rafu zako za stoo. Nilitaka akirudi anisifu, na kweli alinisifu. Aliamini nimefuata hesabu ya mashine. Na Jumanne ile, watu walipokimbilia ofisini kwa meneja, nilivibandua vyote kwa kucha. Nilipokuwa nikifoka pale kikaoni, vilikuwa mfukoni mwangu.

Sasa nimevipanga hapa mezani, vyote vinane, kwa mwandiko wangu. Kesho asubuhi navipeleka kwa wakubwa, kisha naenda nyumbani kwake. Meneja bado nina hasira naye na sitaacha kulisema lake. Lakini ukiniona nimerudi nyumbani na sanduku langu, usimsumbue mama kwa maswali. Sababu unayo mkononi.

Msalimie mama, na ushuke kwenye hiyo ngazi.

Ni mimi mwanao,
kitinda mimba