Hewa Juu ya Fidla

Jumatatu, 14 Novemba 2022

Nimeipata! Wale wanne wangu wa nyuzi — fidla mbili, viola na selo, waliorekodiwa ndani ya kanisa la mawe — ambao ninao kwenye sidii tangu zamani, sasa wametolewa upya kwa ubora wa juu kabisa. Na duka la mtandaoni linawauza nusu bei hadi mwisho wa mwezi. Nusu bei! Nikampigia Raja papo hapo, maana kadi inayofanya kazi kwetu sote ni ya binti yake aliyeko Lyon. Kadi zetu za hapa Beirut, tangu benki zifunge mikono, hazifai hata kukwangulia masizi.

Faili zikashuka polepole, mtandao wetu huu. Nikatengeneza folda, nikaiita MPYA, nikazitia humo. Nikamwomba Hayat azime friji. Kaguna. Miaka yote hii ya ndoa na bado haamini kwamba mota ya friji inavuma ndani ya spika. Kasema labne yake, ile jibini laini ya mtindi, ikichacha nitaila mimi, kwa kijiko, hadi iishe.

Nikahamishia amplifaya kwenye betri, umeme wa ukutani usilete mvumo, nikakaa. Mungu wangu! Sidii ilikuwa picha ya ukumbi. Huu ni ukumbi wenyewe. Nikawaandikia wenzangu kwenye kundi letu la simu: "Jamaa, msikawie. Kuna hewa juu ya fidla ambayo kwenye sidii haikuwepo kabisa. Asiyeisikia akaoshe masikio." Hiyo ya mwisho imenipendeza, nimeirudia kuisoma.

Kabla ya chakula cha mchana wote walikuwa wameshanunua: Raja, Imad wa duka la dawa, na Wadih. Mimi ndiye pua ya kundi hili — ofa ikinukia popote, naifikia kwanza. Na ndiye sikio pia. Hilo wanasema wao, si mimi.

Jumatano, 16 Novemba

Wadih kapiga simu asubuhi. Alizunguka kwanza, kama kawaida yake — habari za mgongo wangu, habari za mwanangu Nadim huko Montreal. Kisha ndiyo akasema. Kaisikiliza ile rekodi mara kadhaa, kwa utulivu, na haoni tofauti na sidii. Akaniuliza kwa upole kabisa: hewa yenyewe inasikikaje, Abu Nadim? Nisikilize wapi?

Nikacheka. Nikamwambia masikio ya umri wetu yanazimika kama taa za madukani, moja baada ya nyingine, na mwenye duka ndiye wa mwisho kujua. Akacheka naye. Ningeishia hapo! Lakini sikuishia. Nikaenda kuandika kwenye kundi: "Mwalimu Wadih anatafuta hewa. Mwenye pampu ya baiskeli amsaidie." Raja akatuma vikatuni vya kulia kwa kicheko, mstari mzima. Imad akasema dukani kwake ana dawa ya nta ya masikio.



Alhamisi, 17 Novemba

Alhamisi yetu imekwenda vizuri. Au niseme, imekwenda vizuri kwangu.

Walikuja saa kumi, friji imezimwa, Hayat kaenda zake kwa dada yake kwa hasira za labne. Tukafanya jaribio kama desturi: mimi nyuma ya pazia na kompyuta yangu, wao kwenye viti, kipande kimoja napiga mara mbili, ya zamani na mpya, na kila mtu ananyanyua mkono pale anaposikia ile mpya. Asiyenyanyua ndiye anayechemsha kahawa. Nawachungulia kwenye upenyo wa pazia.

Ya pili ilipoanza tu, mkono wa Raja juu. Mkono wa Imad juu. Wadih kakaa na viganja vyake magotini, kafumba macho, kajitahidi hadi nikamwonea huruma.

"Jamani, mimi naona ni kitu kilekile," akasema.

"Kilekile!" Raja akapiga paja. "Mwalimu, hata jirani wa juu kaisikia tofauti!"

"Msimcheke," mimi nikasema — na sauti yangu ilikuwa ya mtu mkubwa, nakumbuka — "masikio yana daktari wake. Nenda kapime, Wadih. Si aibu."

Akaenda jikoni. Kahawa ikachemka ikamwagika, tukasikia moto ukizimika, na Raja akasema hata dele sasa linamlilia halisikiki. Tulicheka sana. Wadih alirudi akatumiminia, akanywa yake kwa haraka, akaondoka kabla ya kipande cha mwisho. Alisema mkewe, Samia, anamngoja.

Jumamosi, 19 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Nadim kaomba nimtumie ile rekodi. Nikaingia kwenye kompyuta kutafuta kifurushi kilichoshuka Jumatatu — nikakikuta. Kimefungwa. Hakijawahi kufunguliwa. Kama mzigo wa posta na utepe wake.

Sasa kwenye folda niliyoiita MPYA mna nini? Nikatazama. Mna nakala za sidii yangu ya zamani! Majina ya vipande ni yaleyale, picha ya jalada ni ileile. Jumatatu nilipokuwa nahamisha, nimeburuta zile za zamani nikazitia mahali papya. Basi ile hewa niliyoisikia Jumatatu, nimeipuliza mwenyewe. Na Alhamisi niliwapigia kitu kimoja mara mbili. Mara mbili! Raja akanyanyua mkono. Imad akanyanyua mkono. Na mtu mmoja tu chumba kizima akasema kweli, tukampeleka jikoni.

Mikono yao naielewa sasa. Wananijua: siku zote ile nzuri naiweka ya pili.

Nikafungua kifurushi, nikasikiliza ile mpya yenyewe. Nikarudi kwenye ya zamani. Nikarudi tena kwenye mpya. Nilitaka kusikia kitu mpaka shingo ikaniuma. Pengine kuna kitu. Kusema kweli sisikii kitu. Maisha yangu yote nimetoboa meno ya watu, mashine ile inalia sikioni kwangu asubuhi hadi jioni, halafu naenda kumwambia mwenzangu akapime masikio!

Naona aibu hata kumtazama Hayat. Kaniuliza mbona sijala. Nikasema tumbo.

Jumapili, 20 Novemba

Imezidi kuwa mbaya.

Raja kachukua maneno yangu — hewa juu ya fidla, yote — akayaweka kwenye jukwaa kubwa la mtandaoni la wasikilizaji, lile la watu wa Amman, Kairo na Tunis. Kaandika: "Huyu ni Daktari Nabih wa Beirut, sikio lake halidanganyi." Watu wananunua. Mmoja wa Aleksandria anashukuru; anasema hewa kaisikia tangu noti ya kwanza, kamwita na mkewe, na mkewe naye kaisikia.

Labda wao wanaisikia kweli. Mimi nitajuaje?

Kisha Hayat akamaliza kuzungumza na Samia kwenye simu, akaja kusimama mlangoni. Wadih kaenda kwa daktari wa masikio. Daktari kamwambia masikio yake ni ya kawaida kwa umri wake. Lakini Wadih kashikilia kwamba daktari anamfariji tu, kwa sababu wenzake wote wanasikia, yeye hasikii. Anauza spika zake. Kuna vijana wawili, mume na mke wa Jounieh, watakuja Ijumaa kuziona.

Spika zile! Wadih si kama sisi, hana mazungumzo ya nyaya na betri. Kila asubuhi kabla ya chai anakaa mbele yake, anasikiliza kipande kimoja, basi, siku yake imeanza. Hata ile Agosti mlipuko wa bandarini ulipovunja madirisha yote ya mtaa wao, alifagia vioo na asubuhi yake akakaa, upepo unapita sebuleni, akasikiliza. Na sasa anaziuza kwa sababu yangu.

Nikashika simu kumwandikia. "Wadih, kuna kosa la kiufundi..." Nikafuta. "Ndugu yangu, utacheka..." Nikafuta. Hatacheka. Na Raja atacheka kupita kiasi, na Aleksandria yote itajua.

Jumanne, 22 Novemba

Sikukuu ya Uhuru. Sina cha kusherehekea.

Nimekwenda kwa Wadih na sahani ya maamoul, biskuti zetu za tende, nimejipanga kabisa. Njia nzima nilikuwa nikiyarudia maneno kama mtoto anayekwenda kusoma mbele ya darasa. Wadih alifurahi kuniona, hilo ndilo lililonimaliza. Akanikalisha kwenye kiti chake, kile cha katikati, chenye sauti nzuri kuliko pote. Samia akaleta kahawa. Nikafungua mdomo.

Naye akaniwahi. "Abu Nadim, Mungu kakuleta. Nisaidie kitu kimoja. Tangazo la kuuza hizi spika, nimejaribu kuliandika, linatoka kama mtihani wa hesabu. Wewe ndiye fundi wa kusifia."

Nikaandika. Nimelaaniwa, nikaandika! Na nikaandika vizuri — besi yenye mwili, sauti za juu kama hariri, zimetunzwa na mwenye nazo kama mboni ya jicho. Wadih akalisoma, akavua miwani, akaifuta.

"Ningezinunua mwenyewe," akasema.

Nikaaga. Samia alinisindikiza hadi kwenye ngazi. Kasema afadhali ziondoke, maana tangu Alhamisi ile anakaa mbele yake asubuhi bila kuziwasha.

Jumatano, 23 Novemba

Nimemwambia Hayat. Yote, pamoja na tangazo. Nilidhani atanicheka. Hakucheka, na ningependa angecheka.

"Basi mwambie," kasema.

"Nitamwambiaje?"

"Kwa mdomo, Nabih. Huohuo unaosifia."

Nikamweleza kwamba nikisema, kundi zima litavunjika, Raja ataonekana mjinga, Imad ataonekana mjinga, wale wa jukwaani... Akanikatisha. Kasema kwamba mimi simjali Raja wala Imad, najali nitakavyoonekana mimi. Kisha akachukua kikapu chake akaenda sokoni, kaniacha hapo nimekaa kama mgonjwa aliyesahauliwa kwenye kiti changu cha zamani cha kung'olea meno.

Kasema kweli. Ndicho kinachouma.

Lakini nimepata njia. Kesho ni Alhamisi. Nitapiga ile ya zamani mara mbili, makusudi safari hii. Watanyanyua mikono. Nitatoka nyuma ya pazia na kusema mbele ya wote: hicho ni kitu kimoja, na Alhamisi iliyopita kilikuwa kitu kimoja, na aliyesikia sawasawa ni Wadih peke yake. Aibu iwe yangu, mbele ya macho yao. Ijumaa wale vijana wa Jounieh warudi walikotoka mikono mitupu.

Alhamisi, 24 Novemba

Naandika hapahapa, nyuma ya pazia, daftari magotini. Wanadhani naandika alama.

Wadih amekuja na zawadi. Waya wake mmoja wa spika, wa fedha, mzuri, kauviringisha kwenye taulo. Kasema hatauhitaji, na kwangu utapata kazi. Nimeupokea! Ningesema pale pale, waya mkononi. Nikasema asante.

Kisha akavua koti na kwenda moja kwa moja jikoni. "Mimi nawasha kahawa kabisa, niwaokolee muda. Anza tu, Abu Nadim, mikono ya wenzangu inatosha." Hakuna aliyecheka leo. Hata Raja kainama.

Nimepiga ya kwanza. Hakuna mkono. Nimepiga ya pili — ileile! — na kabla selo haijaingia, mkono wa Raja juu, mkono wa Imad juu. Sawasawa na nilivyopanga. Nikaweka kalamu chini, nikashika pazia.

Hapo Wadih akatoka jikoni na dele. Akasimama. Akamtazama Raja, akamtazama Imad, mikono yao. Akasikiliza kidogo, kichwa kimeinama upande. Kisha taratibu, kwa ule mkono usio na dele, akanyanyua na yeye.

Raja karuka toka kitini. "Mwalimu kasikia! Kasikia, jamani!" Imad anampigia makofi. Na uso wa Wadih — sijui kama anajua kwamba anadanganya. Nadhani hajui. Anasema, "Nadhani ndiyo. Kidogo. Ile hewa." Anasema kama mtu aliyefunguliwa mlango. Raja anamwambia awapigie wale wa Jounieh, wasije, spika haziuzwi.

"Ngoja kwanza," anasema Wadih. "Daktari wetu atoke athibitishe."

Nikinyamaza, spika zinabaki nyumbani kwake, na uongo wangu unakaa naye kila asubuhi kabla ya chai. Nikisema, namvua nguo mbele ya wote, yeye aliyekuwa wa pekee mwenye nguo. Mimi ndiye niliyemfundisha kunyanyua ule mkono.

"Abu Nadim! Umelala humo?" Raja anaita. "Toka useme, ilikuwa mpya au siyo?"

Kipande kimekwisha. Wote wanatazama huku kwenye pazia. Wadih bado hajashusha mkono.